Acheni Kutafuta Gazeti Lisilo na Upande

Vijana wenzangu wa kalamu, hebu leo tuambiane ukweli bila kuoneana haya. Mguse kijana wa Kenya kwa habari ya siasa, naye atakujibu kwa mojawapo ya majibu matatu. Wa kwanza atakwambia, “Mimi nasoma gazeti langu tu, hayo mengine yamenunuliwa.” Wa pili atacheka na kusema, “Wote ni wale wale, kila mtu kalipwa, mimi siamini chochote.” Wa tatu, na huyu tunaye tele miongoni mwetu waandishi, atakohoa kidogo kisha aseme kwamba yeye yuko katikati, maana ukweli, ati, huwa katikati.

Wa kwanza tunamwita shabiki. Wa pili hujiita mjanja. Wa tatu huitwa mtu wa busara, na pengine hupewa kipaza sauti afungue mkutano. Mimi nasema hawa watatu ni ndugu wa tumbo moja. Wote wameikimbia kazi ile ile: kazi ya kupima. Shabiki amempa mwenye gazeti ampimie. Mjanja ameitupa mizani shimoni. Na huyu wa katikati anaibeba mizani kwapani, anatembea nayo mjini watu wamwone, lakini hajawahi kuweka kitu juu yake.

Tuanze na lisilo na ubishi. Chombo cha habari kisicho na upande hakipo. Hakikuwapo jana, hakipo leo, na anayekungojesha hadi kipatikane anakuchezea. Gazeti la Kenya Times lilikuwa la KANU, na halikuficha. Redio ya taifa, iwe iliitwa Sauti ya Kenya au baadaye KBC, imekuwa ya serikali, na tangu lini mtumishi akamsema tajiri wake? Nation ilianzishwa na Aga Khan. Standard kwa miaka mingi ilihusishwa na familia ya Moi. K24 na Kameme tulijua ni za nyumba ya Kenyatta. Na mwenye Citizen, Bwana S. K. Macharia, mwaka 2022 hakuona haya kusema yuko na Raila. Kila chungu na mpishi wake.

Basi kijana wa simu atacheka: “Hayo ni ya wazee, sisi tuna mtandao.” Haya, tuutazame huo mtandao. Mwaka 2017 Wakenya walimwagiwa video za kumtisha mtu asimchague Raila Odinga, video zisizotaja aliyezilipia. Baadaye ikajulikana kwamba zilitengenezwa na Harris Media, kampuni ya huko Texas, Marekani. Mwaka 2018 wakubwa wa kampuni ya Cambridge Analytica ya Uingereza walinaswa na kamera ya siri wakijigamba jinsi walivyomfanyia kazi Uhuru Kenyatta katika chaguzi mbili. Kwa hiyo hata hicho kiganja chako kina mpishi, mwenzangu, tena hujui hata jina lake. Afadhali lile gazeti, angalau ofisi zake ziko barabarani, unaweza kwenda kugonga mlango.

Sasa je, tufanyeje? Tukae kimya? La hasha! Kwani hakimu hungoja shahidi asiye na jamaa wala adui ndipo aamue kesi? Sokoni, muuza samaki hukwambia samaki wake kavuliwa alfajiri. Unajua ana faida yake. Lakini humwambii “wauza samaki wote waongo” ukaenda kulala na njaa. Unafunua shavu, unatazama jicho, unabonyeza nyama. Tena unambonyeza samaki wa huyu sawasawa na wa yule, hata kama yule ni shemeji yako. Hapo ndipo penye hoja yangu yote leo: haki ya maoni haitoki kwenye usafi wa msemaji. Inatoka kwenye mizani moja, ile ile, kwa unayempenda na usiyempenda.

Nitatoa mifano miwili ya hapa kwetu, na naichagua makusudi ili mmoja uwakere watu wa upande mmoja na wa pili uwakere wa upande wa pili. Asiyekereka kabisa ajichunguze.

Mfano wa kwanza ni mwaka 2017. Tarehe 11 Agosti tume ya uchaguzi, IEBC, ilimtangaza Uhuru Kenyatta mshindi kwa asilimia 54.27, na Raila Odinga akapewa 44.74. Waangalizi wa kimataifa walikwisha kusifu. Alikuwepo hata John Kerry, aliyewahi kuwa waziri wa nchi za nje wa Marekani, mmoja wa viongozi wa ujumbe wa Carter Center. Watu wakaambiwa warudi makazini. Aliyeuliza “fomu ziko wapi?” alionekana mchochezi, mtu asiyekubali kushindwa. Basi mambo yakaenda Mahakama ya Juu. Mahakama ikaamuru tume ifungue sava zake zikaguliwe, na tume haikutii ipasavyo. Tarehe 1 Septemba majaji wanne kati ya sita wakaufuta uchaguzi ule. Wageni na suti zao, wataalamu na ripoti zao, wote walikuwa wamesifu nyumba kwa kutazama rangi ya ukuta.

Lakini ngoja kwanza, usishangilie upesi. Mahakama ile haikusema kwamba Raila alishinda. Ilisema kwamba safari ya matokeo kutoka vituoni ilikuwa na kasoro na uvunjaji wa sheria uliozidi, na kwamba Uhuru mwenyewe hakuthibitishwa kufanya kosa. Wangapi kati ya walioshangilia walisoma nusu hiyo ya pili? Wachache mno. Walichukua kipande kitamu wakaacha mfupa. Na upande wa pili? Rais mwenyewe alisimama hadharani akawaita majaji “wakora”. Hakusema hesabu yao imekosea hapa na hapa. Wakora tu, basi!

Mfano wa pili ni wa mwaka 2022, na hapa ndugu zangu wengine watanuna. Safari hii tume ilifanya jambo kubwa: iliweka katika tovuti yake Fomu 34A, yaani karatasi ya matokeo ya kila kituo, kutoka vituo zaidi ya 46,000, mtu yeyote atazame. Televisheni zetu zikaanza kujumlisha. Zikajumlisha, zikajumlisha, na kwa kuwa kila moja ilianza na fomu zake, hii ikamwonyesha Ruto mbele, ile ikamwonyesha Raila mbele, saa ile ile! Watu wakachagua televisheni kama wachaguavyo timu ya mpira. Kisha televisheni zikapunguza mwendo, na mwisho zikaacha kabla hazijafika. Karatasi zilikuwa mezani, na waliolipwa kuzisoma wakaziacha mezani.

Tarehe 15 Agosti mwenyekiti wa tume, marehemu Wafula Chebukati, akamtangaza William Ruto kwa kura 7,176,141. Marehemu Raila Odinga alipata 6,942,930, George Wajackoyah 61,969, na David Mwaure 31,987. Makamishna wanne kati ya saba wakayakana matokeo. Kesho yake wakaeleza sababu. Mojawapo ni kwamba ukijumlisha asilimia za wagombea wanne, yaani 50.49, 48.85, 0.44 na 0.23, unapata 100.01. Kweli kabisa, unapata 100.01. Kisha wakasema hiyo 0.01 iliyozidi ni sawa na kura kama 142,000.

Hebu chukua kalamu, msomaji. Usiniamini mimi. Jumlisha kura za wote wanne: unapata 14,213,027. Asilimia moja ya hizo ni kura 142,130. Asilimia 0.01 ni mara mia chini yake, yaani kura 1,421. Hata hizo 1,421 si kura za mtu yeyote. Ruto alipata 50.4899, ikaandikwa 50.49. Raila 48.8491, ikaandikwa 48.85. Wajackoyah 0.4360, ikaandikwa 0.44. Mwaure 0.2251, ikaandikwa 0.23. Zote nne zilipandishwa kidogo kwa kufupishwa, na vijipande vinne vikakusanyika vikawa 0.01. Hesabu ya shule ya msingi!

Utaniuliza, jambo dogo hivi lina uzito gani? Lina uzito, bwana. Ili kushinda duru ya kwanza mgombea alihitaji kupita nusu ya kura, na Ruto aliipita nusu hiyo kwa kura takriban 69,600 tu. Kura 142,000 za wizi zingeweza kuuangusha ushindi wake. Kura 1,421 haziwezi. Tofauti ya sifuri mbili ndiyo tofauti ya “tumeibiwa” na “tumeshindwa”. Na sisi Wakenya tunajua neno “tumeibiwa” likitamkwa bila mizani linafanya nini. Mwisho wa 2007 hakukuwa na karatasi za kuaminika za kututuliza. Tume ya Jaji Kriegler ilisema baadaye kwamba uchaguzi ule ulivurugika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Redio zilikuwako, magazeti yalikuwako, jumbe za simu zilikuwako. Kilichokosekana ni kitu cha kupimia.

Sasa nirudi kwa yule bwana wa katikati. Mmoja amesema kura 142,000. Mwingine anasema 1,421. Katikati ni wapi? Elfu sabini na kitu? Hiyo elfu sabini ni ya nani, imetoka kwa mama gani? Hayo ndiyo matunda ya busara ya katikati: namba ambayo hata waongo hawakuitaja. Kutopendelea si kugawa ukweli nusu kwa nusu kama mama agawavyo mandazi ili watoto wasipigane. Mtu mwadilifu anaweza kuishia upande mmoja kabisa, tena kwa nguvu. Cha kumuuliza si amesimama wapi. Muulize amefikaje pale.

Kipimo changu ni rahisi, na kinamuumiza kila mtu, ndiyo maana nakiamini. Badilisha majina. Habari ikikufurahisha, futa jina la mtu wako, weka jina la adui wako, usome tena. Je, bado unaona ushahidi unatosha? Uliyeisifu Mahakama ya Juu mwaka 2017 kwa ujasiri, ulisemaje majaji wote saba walipoidhinisha ushindi wa Ruto tarehe 5 Septemba 2022? Raila mwenyewe alisema anaiheshimu mahakama ingawa hakubaliani nayo. Wewe je, ulisoma hukumu, ama ulisema tu wamelipwa? Walikagua, wakalinganisha fomu za tovuti na fomu halisi zilizopelekwa Bomas, wakasema hakuna tofauti ya maana. Kama una hoja dhidi ya hilo, ilete. Kama huna, “wamelipwa” ni ile ile “wakora” ya mwaka 2017, imebadilisha shati tu.

Na nyinyi mliokuwa mkishangilia mwaka 2022 mkisema mahakama zetu ni nguzo ya taifa, msijifiche nyuma ya mlango. Novemba 2023 Mahakama Kuu ilisema ushuru wa nyumba haukufuata katiba. Mara tu baada ya mwaka mpya wa 2024 Rais Ruto akasimama kudai kwamba kuna majaji wanaohongwa ili kukwamisha miradi yake. Mlisemaje? Mliuliza ushahidi uko wapi, kama mlivyowauliza watu wa Raila? Ama mizani ilikuwa imepelekwa kutengenezwa siku hiyo?

Kuna swali jingine la kumpima msemaji: je, huwa anakubali linalomuuma? Gazeti la upande wako likiandika baya la mtu wako, lishike hilo, kwani halikuwa na faida nalo. Mpinzani akikiri zuri la serikali, tega sikio. Likiandika zuri la mtu wako, soma kwa jicho moja. Msemaji ambaye kwa mwaka mzima hajakubali jambo hata moja linalomuuma, huyo hatoi habari, anauza dawa ya kikohozi kwenye basi.

Najua mtakachosema. “Ndugu, wewe una nafasi ya kukaa na kujumlisha. Mama muuza mboga Kongowea ana nafasi hiyo? Mwendesha boda boda anunue bando la kufungua fomu 46,000?” Nakubali, hoja hii ina uzito. Hakuna mtu mmoja anayeweza. Lakini nani aliwaambia ni lazima azisome zote? Asome moja! Fomu ya kituo chake inabandikwa mlangoni mwa kituo. Aisome, aikumbuke, kisha amwombe kijana mmoja mwenye simu amfungulie hiyo hiyo kwenye tovuti. Zikiwa sawa, ana jambo moja analolijua kwa macho yake, na hakuna redio itakayomnyang'anya. Zikiwa tofauti, ana ushahidi wenye thamani kuliko kelele za mikutano kumi. Mtaa ukifanya hivyo, mtaa unajua. Kaunti ikifanya hivyo, nchi inajua. Haba na haba hujaza kibaba.

Wazee wetu walikuwa na macho hayo hayo, wakanyimwa karatasi. Katika uchaguzi wa mlolongo wa 1988 wapiga kura walipanga foleni nyuma ya picha za wagombea mchana kweupe. Kila mtu aliona foleni ipi ndefu. Mahali pengi aliyekuwa na foleni fupi ndiye aliyetangazwa. Hakuna kura iliyobaki kwenye sanduku ya kuhesabiwa upya, maana foleni ikishatawanyika imekwisha. Wazee walijua, lakini hawakuwa na cha kuweka mezani. Sisi tunacho, na tunakiacha pale tukikimbilia sauti ya simu isiyojulikana imerekodiwa na nani.

“Lakini hata karatasi huchezewa.” Naam, huchezewa. Mwaka 2017 mahakama ilikuta fomu zenye kasoro. Lakini zilijulikanaje kuwa na kasoro? Kwa kuzitazama! Dawa ya karatasi mbaya ni karatasi nyingine, nakala ya ajenti, picha iliyopigwa mlangoni. Dawa yake si kutoamini chochote. Mjanja asiyeamini chochote ndiye mteja anayependwa kuliko wote na mwongo, maana kwake uongo na ukweli vina bei moja. Mwongo hahitaji umwamini. Anahitaji tu usimwamini mwenzake.

Wala msiniambie vijana hawawezi. Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipoletwa, vijana waliufungua wenyewe. Wakausoma kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakawaeleza wazazi wao kodi ya mkate ni asilimia 16 na ya gari ni asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Hawakungoja mhariri. Serikali ikaanza kurudi nyuma, ikaondoa ile ya mkate, na baada ya damu kumwagika tarehe 25 Juni, kesho yake Rais akasema hatautia saini. Sisemi kila lililosambazwa siku zile lilikuwa kweli, mengine yalitiwa chumvi. Nasema kilichowapa nguvu ni kwamba waliishika karatasi yenyewe mkononi, na waziri alipobisha waliweza kumtajia kifungu.

Na sisi wa kalamu? Hapa ndipo panaponichoma. Tunaandika mashairi ya kulia haki, tunaandika hadithi zenye wanasiasa wanene wenye vitambi, kila msomaji anatikisa kichwa na kusema naam. Nani kati yetu ameandika juu ya karatasi ile mlangoni? Nani amemwandika ajenti aliyekesha na nakala yake ya kaboni mfukoni? Tunampa msomaji hasira aliyokuja nayo tayari. Huo si uandishi, ni kumrudishia mtu chenji yake mwenyewe na kudai shukrani.

Kwa hiyo nasema hivi. Nunua gazeti la upande wako ukipenda, sikatazi. Nunua na la upande wa pili, ama liazime kwa jirani. Yasome yote mawili ukijua yamepikwa. Kisha uliza karatasi iko wapi, na ukiipata, ipime kwa mizani ile ile uliyompimia adui wako jana. Ukishapima, chagua upande, usione haya. Na uchaguzi ujao ukifika, piga kura yako, kaa mbali kidogo kama sheria inavyotaka, ungoje hesabu imalizike. Msimamizi akishabandika fomu, sogea mlangoni uisome hadi mstari wa mwisho. Redio ifungue baadaye.